Siri ya Maungamo si Kichaka cha Kujifichia

Mwezi Oktoba 2025, serikali ya jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ilikubaliana na maaskofu Wakatoliki kwamba haitamshtaki padre kwa kutotoa taarifa ya jambo alilolisikia katika kitubio tu. Kesi iliyofunguliwa mwishoni mwa Mei ikafikia tamati hapo. Wakatoliki wengi, ndani na nje ya Marekani, walishangilia. Sisi pia tulifurahi, lakini furaha yetu ina mpaka, na katika makala haya tunataka kuonyesha mpaka huo uko wapi. Tunafanya hivyo kwa sababu tunasikia hukumu hii ikielezwa vibaya. Wapo wanaosema kwamba mahakama ya Marekani imetambua utakatifu wa Sakramenti ya Kitubio. Haikufanya hivyo. Wapo pia wanaosema kwamba sasa padre hana deni kwa sheria ya nchi linapokuja suala la watoto. Hilo ni kosa kubwa zaidi.

Msimamo wetu ni huu: siri ya maungamo ni kitu chembamba sana, na nguvu yake yote imo katika wembamba huo. Anayeinyoosha ili ifunike mazungumzo ya ofisini, mafaili ya kabati au aibu ya taasisi, huyo anaidhoofisha kuliko gavana au bunge lolote.

Sheria ilisema nini

Sheria ya Seneti namba 5375 ilitiwa saini na Gavana Bob Ferguson tarehe 2 Mei 2025, ianze kutumika tarehe 27 Julai. Kabla ya hapo walimu, madaktari, wauguzi, polisi na watumishi wa ustawi wa jamii wa Washington walikuwa tayari na wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa wanapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto ananyanyaswa au ametelekezwa. Viongozi wa dini hawakuwamo katika orodha hiyo. Sheria mpya iliwaingiza. Taarifa ilitakiwa kutolewa ndani ya saa 48, na anayekaidi angeweza kufungwa hadi siku 364 na kutozwa faini hadi dola 5,000.

Hadi hapo hatuoni ubaya wowote. Padre akimwona mtoto ana majeraha, akiambiwa jambo na mkatekista, akipokea barua ya mzazi, kwa nini asiwe na wajibu ule ule alio nao mwalimu? Maaskofu wa Washington wenyewe hawakupinga sehemu hiyo. Walieleza kwamba kanuni za majimbo yao Katoliki tayari zinawataka mapadre watoe taarifa, isipokuwa kwa kile walichokisikia katika kitubio.

Tatizo lilikuwa katika sentensi moja. Sheria ilisema kwamba hakuna mtu atakayelazimika kutoa taarifa kama habari hizo alizipata kwa njia ya mazungumzo yanayolindwa kisheria pekee, isipokuwa viongozi wa dini. Tuisome tena taratibu. Sheria za Washington zinalinda mazungumzo ya aina nyingi, yakiwemo ya wakili na mteja wake. Kinga hizo zote ziliachwa zisimame katika suala hili la kutoa taarifa. Iliyoondolewa ni moja tu, ya padre na anayeungama kwake. Mtu aliyemdhuru mtoto angeweza kumweleza wakili, na wakili akanyamaza kihalali. Mtu huyo huyo akipiga magoti kanisani na kusema maneno yale yale, padre angekuwa na saa 48 za kuchagua kati ya polisi na gereza.

Kwa padre hakuna uchaguzi hapo. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba siri ya kisakramenti haivunjiki, na ni marufuku kabisa kwa muungamishi kumsaliti mwenye kutubu kwa maneno au kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Kanuni ya 1386 inamtenga na Kanisa, kwa tendo lenyewe, padre anayeivunja moja kwa moja, na adhabu hiyo inaondolewa na Kiti cha Kitume tu. Sheria hii haikubuniwa juzi ili kukwepa mahakama za Marekani. Mtaguso wa Nne wa Laterano uliiandika mwaka 1215, zaidi ya miaka 500 kabla Marekani haijawa nchi.

Tarehe 29 Mei, Askofu Mkuu Paul Etienne wa Seattle, Askofu Joseph Tyson wa Yakima, Askofu Thomas Daly wa Spokane na mapadre kadhaa walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Makanisa ya Kiorthodoksi nayo yakafungua kesi yao. Mwezi Juni Wizara ya Sheria ya Marekani ikaomba kujiunga upande wa wadai. Gavana, ambaye naye ni Mkatoliki, alisema amesikitishwa kuona Kanisa linakwenda mahakamani kuwalinda wanaowadhuru watoto. Tarehe 18 Julai, siku 9 kabla ya sheria kuanza kutumika, Jaji David Estudillo alitoa amri ya zuio: viongozi wa dini waendelee kuwa na wajibu wa kutoa taarifa, lakini wasishtakiwe kwa yale ya kitubio. Makubaliano ya Oktoba yaliufanya msimamo huo uwe wa kudumu.

Jaji aliangalia nini

Hapa ndipo tunapoomba msomaji awe makini. Jaji Estudillo hakuamua kama Kristo aliwapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi. Mahakama ya Marekani haina uwezo wa kuamua jambo hilo, wala sisi hatungependa iwe nao. Alichouliza ni kitu kingine: je, sheria hii inawatendea watu wa dini sawa na wengine?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya watu wawili wa Oregon waliofukuzwa kazi kwa sababu walitumia peyote, mmea wenye kulevya, katika ibada ya Kanisa la Wenyeji wa Amerika. Walinyimwa mafao ya kukosa ajira, wakadai kwamba uhuru wao wa dini umevunjwa. Wakashindwa. Jaji Antonin Scalia, Mkatoliki wa kuamini kweli, ndiye aliyeandika hukumu: kama sheria haina upendeleo na inawahusu watu wote kwa jumla, Katiba haimpi mtu ruhusa ya kuivunja kwa sababu tu dini yake inamwelekeza hivyo. Tangu siku hiyo, anayelalamika katika mahakama za shirikisho kwamba sheria ya jimbo inambana kidini huanza kwa kuuliza kama kweli sheria hiyo haibagui na kama kweli inawahusu wote. Mwaka 2021, katika kesi ya sala za majumbani California wakati wa UVIKO-19, Mahakama Kuu iliongeza ukali: serikali ikiipa shughuli moja ya kidunia inayolingana na ile ya dini nafuu ambayo imeinyima dini, ni lazima ijieleze kwa kipimo kigumu kuliko vyote.

Washington ilijikwaa hapo. Iliacha kinga nyingine zote, ikaondoa ya viongozi wa dini peke yake. Zaidi ya hayo, katika kikao hicho hicho bunge la jimbo lilipitisha sheria nyingine iliyowaondolea mawakili wanaofanya kazi katika vyuo vikuu wajibu wa kutoa taarifa kuhusu yale wanayoyapata kwa wateja wao. Serikali haikuweza kumweleza jaji kwa nini siri ya wakili inavumilika na siri ya padre haivumiliki, wala kwa nini isingefuata njia ya majimbo mengine mengi yanayowataka mapadre watoe taarifa huku yakiacha kitubio pembeni.

Kwa hiyo maaskofu walishinda kwa hoja ya usawa. Ni hoja nzuri na ya haki, lakini tuone ilivyo nyembamba. Bunge la jimbo fulani likiamua kesho kuondoa kinga zote, za mawakili na za waganga na za mapadre pamoja, sehemu kubwa ya hoja hiyo inaanguka. Tayari yapo majimbo machache ya Marekani ambayo sheria zake hazimpi kiongozi wa dini kinga hiyo katika taarifa za unyanyasaji wa watoto. California ilijaribu mwaka 2019, muswada ukaondolewa kabla ya kufika mwisho. Wengine watajaribu tena. Ndugu msomaji, asiwepo mtu wa kulala usingizi akidhani kwamba Jaji Estudillo amelimaliza jambo hili.

Padre wa New York na mali ya wizi

Mahakama za Marekani zimekuwa na kitubio mezani kwa zaidi ya miaka 200, na mara ya kwanza haikuwa kuhusu watoto bali kuhusu wizi. Mwaka 1813 mfanyabiashara mmoja wa New York aliibiwa mali yake, kisha akarudishiwa kwa mkono wa Padre Anthony Kohlmann, Mjesuiti wa parokia ya Mtakatifu Petro. Polisi walipotaka kujua nani alimpa padre mali ile, alikataa kusema, kwa kuwa aliipata kwa njia ya kitubio. Watu wawili, mume na mke, walishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi, na padre akaitwa kizimbani. Aliieleza mahakama kwa heshima kwamba hawezi kujibu, na kwamba yuko tayari kupata adhabu yoyote kuliko kusema.

Wakatoliki wa New York wakati huo walikuwa wachache na wengi wao maskini. Aliyesimama kuwatetea kwa hoja ndefu alikuwa wakili Mprotestanti kutoka Ireland, William Sampson, na mahakama iliongozwa na Meya DeWitt Clinton, ambaye naye hakuwa Mkatoliki. Mahakama iliamua kwamba padre asilazimishwe, kwa sababu kumlazimisha kungekuwa sawa na kuipiga marufuku sakramenti yenyewe. Miaka minne baadaye mahakama nyingine ya New York ilikataa kumpa mchungaji wa Kiprotestanti kinga hiyo hiyo, ikisema kanisa lake halina sakramenti ya namna hiyo. Dosari hiyo ilisahihishwa mwaka 1828, jimbo lilipotunga sheria inayowalinda viongozi wa dini wa madhehebu yote. Leo majimbo yote 50 yana kinga ya namna fulani kwa mazungumzo ya kiroho.

Tunalikumbusha tukio la Padre Kohlmann kwa sababu ya jambo ambalo husahaulika. Mali ilirudi. Aliyeibiwa alipata haki yake kabla polisi hawajamuuliza padre swali la kwanza. Kitubio hakikuwa mahali pa kufichia wizi. Kilikuwa njia ambayo wizi ulianza kulipwa. Padre aliificha sura ya mwenye kutubu, lakini hakuiacha dhambi ibaki ilivyokuwa. Hicho ndicho kipimo ambacho sisi wenyewe tungependa kupimwa nacho.

Ukuta unaohamishwa

Mwaka 1996, katika gereza la Lane huko Oregon, mwendesha mashtaka aliruhusu maungamo ya mfungwa kwa Padre Timothy Mockaitis yarekodiwe kwa siri bila wao kujua. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tisa, kwa kalamu ya Jaji John Noonan, iliamua kwamba kitendo hicho kilivunja Katiba pamoja na sheria ya mwaka 1993 ambayo Bunge la Marekani lilikuwa limeitunga ili kurudisha ulinzi uliopunguzwa na hukumu ya peyote. Kanisa lilifurahi. Lakini furaha hiyo haikukaa hata mwaka. Mwezi Juni 1997 Mahakama Kuu ilisema kwamba Bunge lilivuka mamlaka yake, na kwamba sheria ile haiwezi kutumika dhidi ya serikali za majimbo. Kesi iliyoleta uamuzi huo ilikuwa imefunguliwa na askofu mkuu Mkatoliki wa San Antonio, aliyekuwa akipigania kibali cha kupanua kanisa katika mji wa Boerne.

Huo ndio mwendo wa sheria za binadamu. Unajenga ukuta leo, keshokutwa jirani anausogeza, na wakati mwingine ni wewe mwenyewe uliyemwita fundi. Hatusemi maaskofu wasiende mahakamani. Walifanya vema kwenda. Tunasema kwamba padre anayetunza siri kwa sababu mahakama imemlinda hajaelewa bado anachotunza. Padre Kohlmann alikataa kusema kabla ya kujua hukumu itakuwaje. Askofu Daly alisema waziwazi kwamba yeye na mapadre wake wataitunza siri hata ikibidi kufungwa, na alisema hivyo kabla jaji hajatamka neno.

Tuseme pia neno moja juu ya serikali ya shirikisho iliyojiunga na kesi. Msaada wake ulikuwa halali na ulikuwa na manufaa. Lakini Kanisa lisikubali kubebwa kama bendera ya chama chochote. Siri ya kitubio haina chama. Inamlinda mpiga kura wa upande huu na wa upande ule, mwenye hati ya ukaazi na asiye nayo.

Hoja ya watoto

Sasa tuje kwa hoja ya upande wa pili, na tuipe nafasi yake kamili. Hatuna haki ya kuipuuza. Mwaka 2018 baraza la raia lililoitishwa kuchunguza majimbo Katoliki sita ya Pennsylvania lilitoa ripoti iliyotaja mapadre zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000 waliodhuriwa katika kipindi cha miaka 70 hivi. Mbunge anayetunga sheria kama ya Washington anayo ripoti hiyo mezani. Tukimwambia kwamba ana chuki na dini, tunamwonea.

Huko Arizona baba mmoja alimweleza askofu wa Kanisa la Wamormoni kwamba anamnyanyasa binti yake. Askofu aliwapigia simu wanasheria wa kanisa lake, akashauriwa asitoe taarifa. Unyanyasaji uliendelea kwa miaka, na mtoto wa pili naye akadhuriwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Arizona iliruhusu kanisa hilo lisitoe habari za mazungumzo hayo. Kwa sheria ya jimbo huenda uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini mtu yeyote mwenye moyo anayeifahamu habari ile anabaki na swali: watoto wale walikuwa na nani?

Tunaweza kujibu kwamba maungamo yale hayakuwa sakramenti kama tunavyoielewa sisi, na kwamba kwetu padre asingeweza kumpigia simu hata mwanasheria. Ni kweli. Lakini jibu hilo halimsaidii mtoto. Jibu la msingi ni lingine. Anayemdhuru mtoto haendi kuungama kwa padre anayejulikana kuwa mtoa taarifa. Mlango wa kitubio ukifungwa kwake, polisi hawapati habari mpya; kinachopotea ni sauti pekee ambayo ingemwambia ana kwa ana: acha leo, ondoka katika nyumba hiyo, nenda ukajisalimishe. Mara nyingi padre hamjui anayesema nyuma ya wavu, wala hajui mtoto ni yupi. Hoja hii ni ya kweli. Lakini inakuwa ya kweli tu pale ambapo padre anasema maneno hayo. Padre anayesikia dhambi ya namna hiyo, akatoa sala tatu za malipizi na kumwaga mtu kwa amani, ameitoa hoja yetu yote mikononi mwetu.

Kuna kesi ngumu zaidi, na inatugusa karibu kwa sababu aliyeungama ndiye aliyedhuriwa. Huko Louisiana binti wa miaka 14 alisema kwamba mwaka 2008 alimweleza padre katika kitubio vitendo vya mtu mzima wa parokia, na kwamba padre alimshauri alimalize jambo hilo kimya. Familia yake ilishtaki. Binti alikuwa huru kueleza alichosema, kwa kuwa siri haimfungi anayetubu. Padre hakuweza kukiri wala kukana, wala kujitetea, wala kusema kama maungamo hayo yalikuwepo. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Louisiana iliamua kwamba kwa maneno ya kitubio padre hakuwa na wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa. Hatujui kilichosemwa pale, na hakuna mtu mwingine atakayejua. Ila tunajua kilichopaswa kusemwa, kwa kuwa Kanisa limekiandika. Mwaka 2019 Idara ya Toba ya Kitume ilieleza kwamba mwenye kutubu akiwa ndiye aliyetendewa uovu, muungamishi anapaswa kumweleza haki zake na njia za kisheria za kushtaki, kwa serikali na kwa Kanisa.

Siri inaanzia wapi na inaishia wapi

Siri inafunika yale ambayo mwenye kutubu ameyasema kwa ajili ya kupata maondoleo ya dhambi. Basi. Haifunika kikombe cha chai sebuleni kwa padre. Haifunika mazungumzo yanayoanza na maneno "Baba, hii ibaki kati yetu." Haifunika malalamiko ya mzazi, barua ya mwalimu, minong'ono ya kwaya, wala alichokiona padre kwa macho yake. Haifunika kabati la nyaraka za uaskofu. Nyaraka zile za Pennsylvania zilikuwa barua, ripoti na kumbukumbu za vikao. Hakuna hata ukurasa mmoja kati ya hizo uliokuwa sakramenti. Papa Fransisko alipoiondoa siri ya kipapa katika kesi za unyanyasaji mwezi Desemba 2019, hakuigusa siri ya kitubio, na hapakuwa na mgongano wowote, kwa sababu ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kanisa lenyewe limeweka uzio ili wembamba huu usipotee. Kanuni ya 984 inamkataza mwenye mamlaka kutumia katika uongozi kile alichokijua katika kitubio. Kanuni ya 985 inamkataza gambera wa seminari kuungamisha wanafunzi wanaoishi naye, isipokuwa wenyewe waombe katika hali za pekee. Kwa nini? Ili anayeongoza abaki huru kutenda kwa yale anayoyajua nje ya kitubio, bila kisingizio. Kiongozi mwenye busara hakimbilii kusikiliza maungamo ya mtu ambaye kesho atalazimika kumchunguza.

Na ndani ya kitubio chenyewe, muungamishi amefungwa mdomo, hajafungwa mikono yote. Kwa mtoto aliyedhuriwa anaweza kusema: mwanangu, wewe hujatenda dhambi hapa, tukimaliza, kama unakubali, nieleze tena haya tukiwa nje, au twende pamoja kwa mtu mzima unayemwamini. Akisimulia tena nje kwa hiari yake, padre anakuwa na habari ambayo siri haiifunika, na saa 48 zinaanza kuhesabiwa. Kwa anayedhuru, padre hawezi kumwekea kujisalimisha polisi kuwa sharti la maondoleo. Idara ya Toba imelieleza hilo. Lakini anaweza kumhimiza kwa nguvu zote, na anaweza kukataa kutoa maondoleo pale anapoona hakuna nia ya kuacha. Toba isiyo na nia ya kuacha si toba.

Kazi iliyo mbele yetu

Tungeweza kuyaacha haya kuwa mambo ya Marekani. Lakini mapadre kutoka Afrika ya Mashariki wanahudumu katika parokia za huko, na miongoni mwa waseminari wetu wapo watakaotumwa. Na hapa nyumbani, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Padre ni mwanajamii. Haifai asubiri bunge limtaje kwa jina.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mseminari anayesoma kanuni ya 983 asome pamoja nayo sheria ya nchi kuhusu watoto, katika somo moja, na ajibu mtihani wa vyote viwili. Pili, kila parokia ibandike mahali pa wazi, karibu na kiti cha maungamo, namba za simu za ustawi wa jamii na za polisi wa dawati la jinsia na watoto, ili anayetoka kuungama azione. Tatu, padre anayetumia maneno "siri ya kitubio" kwa jambo alilolisikia nje ya kitubio aonywe na mkuu wake siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kanisa la Marekani limeumbuliwa kwa maradhi yaliyofichwa katika makabati, na mabunge yanapoinyooshea kidole siri ya kitubio yanafanya hivyo kwa sababu hayaamini tena kwamba tunajua tofauti kati ya sakramenti na kabati. Jaji wa Washington ametupa muda. Wenzetu wa Seattle, Yakima na Spokane wana wajibu wa kisheria sasa wa kutoa taarifa kwa kila wanalolijua nje ya kitubio, na tunaamini watautimiza kwa uaminifu. Kila taarifa watakayoitoa kwa wakati itakuwa utetezi wa siri ya maungamo kuliko hoja yoyote ya wakili, kwa sababu itamwonyesha mbunge na mzazi kwamba padre akinyamaza, ananyamaza kwa jambo moja tu.